Ukimya wa Bwana Zinnow

Mwanamume anayelia kwa vidole mimi simkabidhi hata kuku anishikie. Nilisema hivyo siku Bwana Leberecht Zinnow alipokanyaga sebule yetu mara ya kwanza, na leo nasema hivyo hivyo, ingawa mji mzima ungali unamwita mtu mwenye moyo. Mji wetu umezoea kumwona kila mwenye mafua kuwa ana moyo.

Marehemu mume wangu, Harm Lütkens, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa letu. Alipofariki, baraza la mji lilifanya kama lilivyofanya siku zote huku kwetu kando ya mto Elbe: likatangaza majaribio. Atakayeshinda atapata kinanda, nyumba ya mpiga kinanda, na binti wa mpiga kinanda. Huchagui kimojawapo, ni kama kununua ng'ombe, kamba inakuja naye. Mjane huachiwa kijichumba cha nyuma ya jiko, ashukuru. Mimi mwenyewe nilipatikana hivyo, maana kabla ya Harm mpiga kinanda alikuwa baba yangu. Harm alinikuta ndani ya nyumba pamoja na panya, akatuchukua sote bila kuuliza nani ni nani.

Safari hii ng'ombe alikuwa mwanangu Ilsabe. Alikuwa amevuka thelathini, mrefu, mkavu, maneno yake ya kuokoteza. Tangu utotoni alikaa pembeni ya baba yake kule juu kwenye roshani ya kinanda, akimvutia vile vishikio vya kubadilisha sauti, na huko ndiko alikokupenda kuliko kote duniani. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Nani anamuuliza ng'ombe?

Waombaji walikuwa wawili. Wa kwanza, Jobst Marquardt, alipiga safi kama mtu anayefagia ua, lakini tayari alikuwa na mke na watoto wengi kama vifaranga. Akishinda yeye, mimi na Ilsabe tunafungasha. Wa pili ndiye Zinnow, kapera, kola nyeupe, macho ya samaki aliyechelewa kupikwa. Kwa hiyo ilikuwa Zinnow au barabara. Mimi, kusema kweli, niliiangalia barabara nikaona si mbaya.

Alikuja kunywa kahawa nyumbani siku chache kabla ya majaribio, na Bi Drewes, mke wa meya, akajialika pamoja na mashoga zake. Zinnow akafungua kile kinanda kidogo cha mezani cha Harm, chenye sauti ndogo hata paka akikoroma karibu huisikii. Akakitazama kama mtu anayeiaga maiti.

"Mama mkwe," aliniambia, "sipigi mimi. Moyo ndio unaopiga."

"Basi uambie moyo ufute mikono kwanza," nikamjibu, "umetoka kula andazi la siagi. Na mkwe wako bado sijawa."

Akapiga. Sasa niwaambie jambo ambalo kila mtu aliyelala chumba cha pili kwa mwalimu wa kinanda analijua. Muziki wa siku hizi hautoki moyoni. Unatoka mahali unapotoka mkate. Kuna unga, kuna maji, kuna chumvi, ukikanda unapata mkate. Harm aliwafundisha wanafunzi vipande vilevile miaka yote, na mimi huku jikoni nikavipa majina yangu. Cha kuanzia nilikiita Hodi-Karibu: sauti ya juu inabisha kidogo, inarudi nyuma, inabisha tena, inafunguliwa. Kisha kinakuja Ngazi ya Ghala, sauti za juu na za chini zikishuka pamoja, taratibu, kama mtu aliyebeba gunia. Kisha Punda Mlimani: jambo lile lile linasemwa, halafu linasemwa tena hatua moja juu, halafu tena. Mwishoni kuna Kufunga Duka, ambapo kidole kinatetemesha sauti ya juu, sauti ya chini inaruka mara moja, pu, nyumbani. Harm alivipanga hivyo bila aibu, na watu wakaimba, wakaenda kula. Hakuna siku alidai kuwa kavizaa yeye.

Zinnow naye alikuwa na Hodi-Karibu ile ile, Ngazi ile ile, punda yule yule, ila kila kimoja alikichovya machozini. Alipiga kila sauti mbili kwa kwikwi, ya kwanza nzito, ya pili ikikata roho. Kwikwi kwenye wimbo wa Krismasi! Kwikwi kwenye wimbo wa mavuno! Alikuwa pia akikibonyeza kibonyezo na kukitikisatikisa kidole papo hapo, sauti iyumbe kama mdomo wa mtoto kabla ya kulia. Na aliachia vipande katikati. Anakwenda vizuri, ghafla ananyamaza, anaangalia dari. Nikaangalia dari nami, nikaona utando wa buibui tu.

Bi Drewes alikwishaloweka hanchifu ya kwanza, akaomba ya pili.

"Mmesikia?" alinong'ona. "Mmesikia pale aliponyamaza?"

"Nimesikia, shoga," nikasema. "Hapo ndipo pamenipendeza kuliko pote."

Walipoondoka, nilimkuta Ilsabe jikoni akiosha vikombe.

"Mwanangu, yule si mume. Yule ni paa linalovuja."

"Mama, kulia si ulevi. Harusi ya Trine Klindt hukumbuki? Bwana harusi alimpiga mkwewe kwa ubao wa mkate."

"Afadhali huyo. Unajua anakuja na nini."

"Atalia, mimi nitafua hanchifu. Nyumba itabaki. Kinanda kitabaki."

"Na mimi nile naye supu kila siku?"

"Wewe ungependa tulale njiani, ili upate la kucheka. Mimi sijaulizwa."

Nikachukua kitambaa, nikakausha vikombe.

Siku ya majaribio kanisa lilijaa kama siku ya Pasaka, wengine wamebeba mikate. Marquardt akapiga mapema, vizuri, watu wakapiga miayo. Ilipofika zamu ya Zinnow, Ilsabe alikaa kushoto kwake kwenye roshani kuvuta vishikio, na mimi nikasimama mlangoni pa roshani hiyo hiyo, ambapo hakuna wa kunifukuza kwa sababu kufuli lake ninalifungua mimi tangu nikiwa msichana. Chini hawatuoni. Wao wanatazama madhabahu, sauti inawajia kwa nyuma kama deni.

Lazima nimtaje Tönnies. Huyu ndiye aliyekuwa akikanyaga mivukuto. Kinanda cha kanisa kinataka upepo, na upepo wetu ulitoka kwenye miguu ya Tönnies, chumba cha nyuma ya roshani, akipanda na kushuka kwenye mbao kama mtu anayekanyaga zabibu bila kuahidiwa divai. Mpiga kinanda anapotaka upepo huvuta kamba, kikengele kinalia kule nyuma, Tönnies anaanza. Kumaliza hakuambiwa na mtu. Alijua mwenyewe. Akisikia Kufunga Duka, ule mtetemo wa mwisho, hushuka hapo hapo na kuchukua kofia, kwa sababu upepo uliobaki tumboni mwa mivukuto unatosha sauti moja ya kufungia. Alifanya hivyo kwa baba yangu, akafanya hivyo kwa Harm, hakukosea hata Jumapili moja. Sauti ya mwisho inapokwisha kanisani, yeye yuko nusu ya njia kwenda kwenye bia.

Zinnow akaanza. Kwikwi juu ya kwikwi. Alitikisa kidole juu ya vibonyezo vya kinanda cha kanisa, na hapo nikamtazama Ilsabe, naye akanitazama, maana kinanda cha upepo hukitikisi kwa kidole. Ni sawa na kuutikisa mlango ukitaka nyumba icheke. Hakikutoka kitu. Yeye aliendelea kutikisa, macho kafumba, sura ya mtakatifu anayechomwa kwa moto mdogo. Punda akapanda mlima, akapanda tena, akapanda tena. Na mwishowe, loo, Kufunga Duka: kidole juu kinatetema, sauti ya chini inajiandaa kuruka nyumbani.

Lakini hakurudi nyumbani. Alipiga hodi kwa jirani. Ni ujanja wa kizamani, hata Harm aliutumia mtu akisinzia kwenye mahubiri: unawaahidi watu kitanda, unawapeleka zizini. Kisha Zinnow akainua mikono, akanyamaza, akaangalia dari, ili ashushe pumzi moja aendelee na nusu ya pili ya kipande chake, ile aliyoipanga iwaue watu kabisa.

Akashusha mikono. Kinanda kikatoa fyuuu, kama mzee anayekaa. Halafu kimya.

Tönnies alikuwa ameshachukua kofia.

Zinnow akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza kwa mikono miwili na miguu yote. Kimya. Jasho likamtoka, jasho la kweli, nikaona kwa mara ya kwanza uso wake bila chumvi ya kuongezea. Akaivuta kamba ya kikengele. Ting. Nyuma hakuna mtu. Ting, ting. Nilisikia viatu vya Tönnies vikishuka ngazi za mnara, bila haraka.

Ilsabe angeweza kuinuka akakanyage mivukuto mwenyewe. Zilikuwa hatua chache. Alishika ukingo wa kiti. Nikamwona anataka kwenda, na nikaona anasubiri, kama mtu anayetaka kwanza kujua mgeni atasemaje sahani ikivunjika.

Hapo ndipo kilio kilipoanza chini. Kwanza Bi Drewes, sauti yake naijua, kama bata aliyebanwa na mlango. Kisha mashoga zake. Kisha mwanamume mmoja mnene akapenga kamasi, na nikatambua kuwa ni meya mwenyewe. Ting, kikaendelea kikengele, ting, na kila ting ikawaongezea machozi.

Zinnow alisikia. Mkono wake ukabaki kwenye kamba. Akageuza sikio kule chini. Nikaona hofu ikimtoka usoni na kitu kingine kikiingia mahali pake, polepole, kama paka anayegundua kuwa mwenye nyumba hayupo. Akavuta kamba mara moja zaidi, kwa madaha. Ting. Akafunga kifuniko cha kinanda. Akainamisha kichwa.

Baraza halikujadili hata kwa muda wa kumenya yai. Marquardt aliambiwa apige safi kwingine.

Jioni tukaalikwa kwa meya kula supu ya mikunga. Sikuwahi kusikia upuuzi mwingi hivyo katika chumba kimoja, na mimi nimehudhuria mazishi ya wachungaji watatu wa Kilutheri.

"Kile kikengele!" alisema Bi Drewes. "Nilidhani ni roho ya mtoto wangu."

"Mtoto wako yupi, shoga? Wote wako hapo wanakula."

"Roho tu, Bi Lütkens. Roho kwa jumla."

Meya akagonga glasi. "Bwana Zinnow, wengi wameijaza nyumba hii ya Mungu kwa sauti. Wewe umeijaza bila sauti. Ulipata wapi wazo hili?"

Nikaweka kijiko chini. Tönnies hakuwepo, alikuwa baa. Waliojua tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wanawake, yaani hatukuwepo vilevile.

"Bwana Meya," alisema Zinnow, na sauti yake ikafanya kwikwi, "kuna huzuni ambayo kidole hakiwezi kuifikia. Nilikuwa nimelibeba wazo hili tangu mazishi ya mama yangu."

Hilo nalo nisingelihesabu. Kumdanganya meya ni adabu tu, kila mtu mjini hufanya hivyo. Lakini walipokuwa wanavaa makoti, Ilsabe alimfuata ukumbini, nami nyuma yao nikitafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni.

"Bwana Zinnow," Ilsabe alimwambia, "mimi nilikuwa kushoto kwako. Niambie mimi. Upepo uliisha, sivyo?"

Alimuuliza kwa upole. Sijawahi kumsikia mwanangu akiuliza kitu kwa upole namna ile. Alikuwa anamfungulia mlango, huyu mpumbavu, mlango mpana wa kupita hata na gari la nyasi. Angesema tu: ndiyo, uliisha, na mimi niliogopa karibu nikojoe. Angecheka kidogo. Mimi mwenyewe ningemkaribisha supu.

Zinnow akamshika mkono, akautikisatikisa papo hapo kama alivyofanya kwenye kibonyezo.

"Ilsabe mpenzi," alisema, "wewe umekaa karibu mno na mashine. Ndiyo maana hukusikia."

Ilsabe akautoa mkono wake. Kesho yake meya alileta ujumbe: Jumapili, baada ya ibada ya kwanza ya Zinnow, mchumba na mchumba watatangazwa. Ilsabe akajibu kuwa amesikia. Nikamwambia, "Mwanangu, bado unaweza kukataa." Akasema, "Mama, kila mtu anaharibu kitu mara moja. Ngoja nione atakavyopiga asipokuwa kwenye majaribio."

Jumapili ikafika. Kanisa likafurika, walikuja hata watu wa ng'ambo ya mto, maana habari za ukimya zilikwishavuka kwa feri. Ilsabe akapanda roshani, akakaa kushoto kwake. Mimi mlangoni. Zinnow alipiga nyimbo za ibada, kwikwi za kawaida, nikahesabu vitunguu vyangu kichwani. Kisha ukaja wimbo wa kutokea, nao ulikuwa wa furaha kabisa, wa kumtukuza Mungu kwa mazao, ambao Harm aliupiga mpaka vioo vikatikisika.

Hodi-Karibu. Ngazi. Punda. Nikasikia Kufunga Duka kunakuja, na nikamwona Zinnow akigeuka nyuma. Akamkonyeza Tönnies kwenye upenyo wa ukuta. Na Tönnies, mzee mzima, ambaye katika maisha yake yote alishuka kwenye mivukuto kwa sababu muziki umekwisha, akashuka kwa sababu amekonyezwa. Kofia alikuwa nayo kichwani tayari. Bila shaka kulikuwa na bia mahali fulani katika mapatano hayo.

Mtetemo. Hodi kwa jirani. Mikono juu. Kimya.

Chini hanchifu zilitoka kabla hata ya machozi. Zinnow akaangalia dari. Akanyoosha mkono, akavuta kamba kwa vidole viwili, kama bibi anayechukua biskuti. Ting.

Ilsabe akainuka.

Alirudisha vishikio vyote ndani, kimoja baada ya kingine, kama baba yake alivyomfundisha kufanya kazi ikiisha, akaanza kushuka. Ngazi zetu za roshani ni za mbao, na viatu vyake vilikuwa vya mbao, na kanisa lilikuwa kimya kama Zinnow alivyolitengeneza. Ko. Ko. Ko. Zinnow aligeuka, mdomo wazi. Alimwita kwa kunong'ona, "Ilsabe! Kaa! Ilsabe, watasikia!" Nami nikampita nikimfuata mwanangu, na kwa kuwa nilipita karibu na sikio la bwana huyo nikamwambia, "Bwana Zinnow, hawasikii. Wamekaa karibu mno na moyo."

Tulifika chini. Hakuna njia ya kutoka isipokuwa katikati, mbele ya watu wote, kupita benchi la baraza. Ilsabe hakukimbia. Alipita mbele ya meya aliyekuwa ameshika karatasi ya tangazo la uchumba, akampita, ko, ko, mpaka mlango mkubwa. Nilidhani sasa wataelewa. Binti aliyeahidiwa anaondoka mbele ya macho yao, mama yake nyuma amebeba mwavuli. Hata kondoo angeelewa.

Nikageuka mlangoni niwatazame. Bi Drewes alikuwa amepiga magoti.

"Nyayo!" alilia. "Nyayo za roho inayouacha mwili! Lo, bwana huyu!"

Na kanisa zima likaangua kilio.

Tukatoka nje. Jua lilikuwa kali, bata wa mchungaji wamejaa njiani. Tulisimama pale mimi na mwanangu, bila kinanda, bila nyumba, na nguo za Jumapili tu, kwa maana meya angeelewa jioni hiyo hiyo na kutupa muda wa kufungasha usiozidi hisani yake.

"Haya," nikasema. "Umecheza ngoma nzuri. Sasa tutalala wapi?"

"Kwa dada yako Gesche."

"Gesche anakoroma, Ilsabe. Unamjua. Majirani walihama."

Ilsabe akamsogeza bata kwa ncha ya kiatu, akaanza kutembea.

"Anakoroma," alisema, "lakini akianza, anafika mwisho."